Siku nne ndani ya saa nne: uchambuzi wa kisa cha pampu ya fluorourasili

Jumatatu, tarehe 31 Julai 2006, mama wa miaka 43 alitoka Cross Cancer Institute, kituo cha saratani kilichopo Edmonton nchini Kanada, akiwa ameunganishwa na pampu ndogo ya kubeba. Alikuwa akitibiwa saratani ya sehemu ya juu ya koo, nyuma ya pua. Mfuko wa pampu ulikuwa na fluorourasili, dawa iliyopaswa kumwingia kidogo kidogo, usiku na mchana, kwa siku nne akiwa nyumbani. Kwa mpango huo mfuko ungeisha Ijumaa. Uliisha siku ile ile ya Jumatatu, ndani ya muda wa saa nne. Mama huyo alifariki tarehe 22 Agosti.

Ukikipima kisa hiki kwa yale mambo matano ambayo kila muuguzi hukaririshwa chuoni, unakuta karibu yote yalikuwa sawa. Mgonjwa alikuwa ndiye. Dawa ilikuwa ndiyo. Dozi iliyokuwa kwenye mfuko ni ile ile iliyoandikwa na daktari. Njia ilikuwa ya mshipa, kama ilivyotakiwa. Kilichokosewa ni kasi peke yake, na kasi hiyo ilikokotolewa na muuguzi wa saratani, kisha ikahakikiwa na muuguzi wa pili kabla mgonjwa hajaruhusiwa kwenda zake.

Kisa cha uzembe ni chepesi kukisimulia, na msomaji hukimaliza akijiambia kwamba yeye si mzembe, kwa hiyo hakimhusu. Hiki hakitupi nafasi hiyo. Utaratibu wa kuhakiki mara mbili ulikuwepo na ulifuatwa. Hospitali nayo haikukificha: ilimwita mchunguzi kutoka nje, taasisi ya ISMP Canada inayoshughulikia usalama wa matumizi ya dawa, na ripoti ikachapishwa hadharani mwaka 2007. Tunaweza kukichambua leo kwa sababu ya uamuzi huo.

Hesabu yenyewe

Chukua karatasi tuikokotoe pamoja, maana kosa lote limo ndani ya mistari michache.

Daktari aliagiza fluorourasili miligramu 5,250 kwa siku nne. Famasia ikaichanganya hadi kila mililita moja ikawa na miligramu 45.57. Pampu haijui miligramu wala haijui siku. Inataka kuambiwa jambo moja tu: mililita ngapi kwa saa. Kwa hiyo muuguzi anapaswa kutoka kwenye lugha ya daktari hadi kwenye lugha ya mashine, na njia ina hatua tatu. Gawanya 5,250 kwa 4 upate miligramu 1,312.5 kwa siku. Gawanya hizo kwa 45.57 upate mililita 28.8 kwa siku. Gawanya 28.8 kwa 24 upate mililita 1.2 kwa saa.

Muuguzi aliishia kwenye hatua ya pili. Hakugawanya kwa 24.

Sasa tazama alichokuwa nacho mkononi. Namba 28.8 haikuwa takataka. Ni jibu sahihi kabisa la swali jingine, swali la mililita ngapi kwa siku. Hesabu iliyoharibika katikati hutoa namba ya ajabu ambayo mtu mwenye uzoefu huitilia shaka papo hapo. Hesabu iliyosimama kabla ya kufika hutoa namba safi, inayofanana na jibu. Tena, kwa mtu aliyezoea dripu zinazokwenda mililita mia moja au zaidi kwa saa, 28.8 inaonekana polepole na salama. Nadhani 1.2 ndiyo ingemshangaza.

Halafu akafanya kile ambacho tungemtaka afanye: akaangalia lebo ya famasia ili ajihakikishie. Lebo ilikuwa na kasi mbili. Moja iliandikwa kwa saa 24, nyingine kwa saa moja. Kwa saa 24 ilikuwa 28.8. Kwa saa moja ilikuwa 1.2. Jibu la kweli lilikuwepo, limechapwa, sentimita chache tu kutoka pale macho yake yalipotua. Lakini alikuwa anaitafuta 28.8, na akaiona. Lebo ikamwambia ndiyo.

Nimekisoma kisa hiki mara nyingi na kila mara ninarudi kwenye lebo hiyo. Aliyeitengeneza alikuwa na nia njema. Alidhani kwamba taarifa zikiwa nyingi, usalama unazidi. Lakini ile kasi ya saa 24 haikuwa na kazi yoyote mbele ya pampu ile. Hakuna kitufe cha kuiingizia. Ilikuwa pale kwa sababu mtu fulani aliona ni vizuri iwepo, na siku ilipokutana na muuguzi aliyesahau kugawanya, iligeuka kuwa shahidi wa uongo.

Muuguzi wa pili

Watu wengi wanaposikia kisa hiki huuliza: kwani yule wa pili alikuwa wapi? Alikuwepo. Hakutia saini tu na kuondoka, kama inavyotokea katika wodi nyingi zenye shughuli. Alikokotoa mwenyewe. Hakuwa na kikokotoo karibu, akafanya hesabu kichwani na kwenye karatasi, akafika 28.8, akaangalia lebo, akaiona, akaridhika.

Hapa ndipo kwenye kiini cha jambo, na ningependa tukae kidogo.

Tunapoweka watu wawili wahakiki dawa, tunajipa matumaini ya kihesabu. Kama mmoja hukosea mara moja katika mara mia, basi wawili watakosea pamoja mara moja katika elfu kumi. Matumaini hayo yana masharti: kosa la mmoja lisiwe na uhusiano wowote na kosa la mwenzake. Na wauguzi hawa wawili walifundishwa hesabu ile ile kwa mpangilio ule ule. Walianza na agizo lile lile, wakapita hatua zile zile, wakajikwaa kwenye kisiki kile kile, wakathibitishiwa na lebo ile ile. Walikuwa wawili kwa idadi. Kwa njia waliyopita, ulikuwa ukaguzi mmoja uliofanywa mara mbili.

Hali huwa mbaya zaidi wa pili anapoitwa kwa maneno kama haya: "Dada, hebu niangalizie, nimepata ishirini na nane nukta nane." Tayari amepewa jibu. Akili yake haitatafuta tena kasi. Itatafuta sababu ya kukubali 28.8. Si ukosefu wa uaminifu. Ndivyo akili ya binadamu inavyofanya kazi, hasa kwa mtu aliyekatizwa katikati ya kazi yake, ana mgonjwa mwingine anamsubiri, na anamheshimu mwenzake.

Kwa hiyo mapendekezo ya kuongeza mkaguzi wa tatu, ambayo husikika karibu kila tukio kama hili linapojadiliwa, siyaungi mkono. Wa tatu angeangalia lebo ile ile. Kinachotakiwa ni mkaguzi wa pili aingie kwa mlango mwingine.

Mlango huo upo, na hauhitaji kifaa. Mfuko una mililita ngapi? Gawanya 5,250 kwa 45.57, unapata 115 na ushei. Pampu imewekwa ngapi? 28.8 kwa saa. Basi mfuko utakwisha baada ya muda gani? Hata bila kikokotoo, 115 kwa 29 ni nne. Saa nne. Na agizo linasema siku nne. Swali la "utakwisha lini?" linaanzia mwisho na kurudi nyuma, kwa hiyo haliwezi kuangukia shimo lile lile la kusahau 24. Aliyesahau kugawanya wakati wa kwenda atakutana na kosa lake wakati wa kurudi.

Pampu ilipokea

Muuguzi aliingiza 28.8 na pampu ikaikubali. Kwa pampu ile, 28.8 ilikuwa kasi ya kawaida tu kati ya kasi nyingi inazoweza kwenda. Haikujua kama ndani ya mfuko kuna maji ya chumvi au fluorourasili.

Siku hizi zipo pampu zenye orodha ya dawa ndani yake. Muuguzi huchagua jina la dawa, na pampu huijua mipaka iliyowekwa na famasia. Kuna mpaka laini, unaoonya na kuruhusu kuendelea ukithibitisha, na mpaka mgumu, unaokataa katakata. Kama kasi ya fluorourasili ya siku nne ingewekewa mpaka mgumu wa mililita chache kwa saa, 28.8 isingepita. Mimi naamini sana mipaka migumu kwa dawa za kemo, yaani tibakemikali, dawa za kuua seli za saratani. Onyo linaloweza kurukwa kwa kubonyeza kitufe, baada ya mwezi mmoja, vidole hulizoea na hulibonyeza bila kusoma.

Njia nyingine ni kuachana na kuprogramu kabisa. Kuna vifaa vyepesi vyenye puto ndani ya chupa: famasia huijaza dawa, puto hunywea taratibu, na dawa hupita kwenye mrija mwembamba ambao upana wake ndio unaoamua kasi. Hakuna namba ya kuingiza, kwa hiyo hakuna namba ya kukosea kitandani. Lakini tusijidanganye kwamba tumemaliza. Vifaa hivyo hutengenezwa kwa kasi tofauti na vingi hufanana kwa sura. Anayechukua rafuni kifaa cha kasi kubwa badala ya kidogo amerudia kosa la Edmonton kwa mkono mwingine. Joto nalo hubadilisha kasi. Kosa linahamishwa kutoka kitandani hadi famasia, na huko, mbele ya meza tulivu yenye mwanga na mtu wa kuhakiki, lina nafasi kubwa zaidi ya kunaswa. Hiyo ndiyo faida yake, na ni faida ya kutosha.

Dawa ilivyofanya

Mtu anaweza kuuliza: kama dozi ilikuwa sahihi, kwa nini kasi iue?

Fluorourasili ilitengenezwa na Charles Heidelberger na wenzake, Marekani, mwaka 1957. Ni urasili, moja ya herufi ambazo seli huandikia RNA, iliyobandikwa florini. Seli huichukua ikidhani ni urasili ya kawaida, na kazi yake ya kutengeneza DNA na RNA inaharibika. Seli zinazogawanyika haraka ndizo zinazoumia zaidi: za saratani, lakini pia za uboho, za mdomo na za utumbo.

Mwili una njia ya kujikinga. Ini lina kimeng'enya kinachoitwa DPD ambacho huvunjavunja zaidi ya asilimia 80 ya dawa hii, na hufanya hivyo haraka: nusu ya dawa iliyo kwenye damu huondoka ndani ya dakika 8 hadi 20. Dawa ikiingia kidogo kidogo kwa siku nne, DPD inaiondoa karibu kwa kasi ile inayoingia, na kiasi kilichomo kwenye damu kinabaki kile daktari alichokusudia. Ukimwaga dozi ya siku nne kwa muda wa saa nne, kimeng'enya kinazidiwa. Ni kama kibarua mwenye ndoo moja anayepunguza maji ya bomba linalovuja, kisha ghafla bomba linapasuka. Dawa inajaa kwenye damu na kuzama kwenye seli ambazo zingeweza kusalimika.

Na jambo la kutisha ni ukimya unaofuata. Mgonjwa haanguki pale pale. Anaweza kujisikia vizuri siku ya kwanza, hata ya pili. Kisha mdomo unachubuka, kuhara kunaanza, chembe nyeupe za damu zinashuka, na mwili unabaki bila ulinzi. Mama wa Edmonton aliathirika mdomo na uboho, halafu viungo vikaanza kushindwa kimoja baada ya kingine. Kosa liligundulika siku lilipotokea, mfuko ulipokutwa mtupu. Lakini mwaka 2006 hakukuwa na dawa ya kuipinga fluorourasili. Waliokuwa naye hawakuwa na cha kumpa isipokuwa uangalizi.

Leo ipo. Inaitwa uridini triasetati, na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliiidhinisha Desemba 2015. Inajaza mwilini uridini ya kweli ili ishindane na ile ya bandia isipate nafasi kwenye RNA. Mtu mzima hupewa gramu 10 kila baada ya saa 6, mara 20, na inatakiwa ianze ndani ya saa 96 tangu fluorourasili ilipokoma kuingia. Waliopewa mapema baada ya kuzidishiwa dawa, walio wengi wameishi.

Saa 96 ni siku nne. Na dalili mbaya huja baada ya siku kadhaa. Hospitali inayosubiri mgonjwa aonyeshe dalili ndipo ianze kuulizia dawa ya kuokoa inaweza kujikuta nje ya muda, hasa ikiwa dawa yenyewe lazima iagizwe kutoka mbali. Kila kitengo kinachompa mgonjwa pampu ya fluorourasili kingepaswa kujua leo, kabla ya tukio, ni nani atapigiwa simu, dawa itatoka wapi na itachukua muda gani kufika. Karatasi yenye majibu hayo ikae palipo na dawa za kemo, si kwenye kabati la mkuu wa idara ambalo Jumamosi usiku limefungwa.

Siku nne nyingine

Kisa hiki kina ndugu yake, kilichokitangulia kwa miaka kumi na miwili. Mwaka 1994, katika hospitali ya saratani ya Dana-Farber mjini Boston, mwandishi wa habari za afya wa gazeti la Boston Globe alikuwa kwenye utafiti wa matibabu uliotumia saiklofosfamidi, dawa nyingine ya saratani, kwa dozi kubwa. Itifaki, yaani mpango ulioandikwa wa utafiti huo, ilitaja dozi ya siku nne kwa ujumla wake. Ilisomwa kuwa ni dozi ya kila siku. Akapewa kila siku kile alichopaswa kupewa kwa siku nne, na akafariki Desemba ya mwaka huo. Agizo lilipita kwa madaktari, wafamasia na wauguzi. Kosa liligundulika Februari 1995, wakati watu wa takwimu walipokuwa wakipitia kumbukumbu za utafiti.

Ukiviweka visa hivi viwili kando kwa kando, kinachofanana ni mpaka kati ya "kwa siku" na "kwa siku zote". Dozi ya tibakemikali huandikwa kwa mita ya mraba ya mwili, kwa siku, kwa mzunguko, kwa saa. Namba moja inaweza kuwa sahihi kwa kipimo kimoja na ya kuua kwa kingine. Namba iliyotembea bila kipimo chake imepotea njia hata kama tarakimu zake zote ni za kweli. Kwa hiyo mimi ningetaka agizo la dawa inayoenda kwa siku kadhaa liandikwe kwa mtindo mmoja tu katika hospitali nzima: dozi ya kila siku, idadi ya siku, na jumla, vyote vitatu kwa mpangilio huo huo kila mara. Hapa taarifa ya ziada ina kazi, kwa sababu inamruhusu mfamasia kuzidisha na kuona kama jumla inakubali. Kwenye lebo inayokwenda mbele ya pampu ni kinyume chake: kasi moja, kwa kipimo kile ambacho pampu inakiuliza, basi. Kipande kile kile cha taarifa ni ulinzi kwenye karatasi ya agizo na ni mtego kwenye lebo, kutegemea nani anakisoma na anataka kufanya nini nacho.

Nitagusa kisa kimoja zaidi kwa ufupi. Januari 2001, Nottingham nchini Uingereza, kijana wa miaka 18 alichomwa vinkristini, nayo ni dawa ya saratani, kwenye uti wa mgongo badala ya mshipa, na akafariki Februari 2. Sindano ilikuwa na onyo lililoandikwa wazi. Daktari mmoja alifungwa gerezani mwaka 2003. Lakini wagonjwa wa baadaye walilindwa zaidi na mabadiliko mengine kabisa: mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilihimiza vinkristini ichanganywe kwenye mfuko mdogo wa dripu badala ya bomba la sindano, kwa sababu hakuna anayeweza kutundika mfuko kwenye uti wa mgongo kwa kupitiwa. Umbo la chombo lilifanya kazi ambayo maandishi yalishindwa kuifanya. Edmonton, kazi hiyo ingefanywa na lebo yenye namba moja na pampu yenye mpaka.

Kazi ya mikono

Mwaka 2009 vyama viwili vya Marekani, cha madaktari wa saratani na cha wauguzi wa saratani, vilitoa viwango vya pamoja vya usalama wa kutoa tibakemikali, na vimeendelea kuvirekebisha tangu hapo. Vinataka watu wawili wenye sifa wahakiki kabla ya dawa kuanza: jina la dawa, dozi, ujazo, kasi, njia, tarehe ya kuisha, mwonekano wa dawa, na kasi iliyowekwa kwenye pampu. Ni orodha nzuri. Ila orodha inasema nini kihakikiwe. Namna ya kukihakiki imeachwa kwa watu wa wodini, na Edmonton inatuonyesha kwamba namna ndiyo kila kitu.

Kwa hiyo niseme ninavyoona ifanyike, kwa undani wa mikono.

Wa pili asiitwe kuthibitisha jibu. Apewe agizo la daktari na mfuko wenyewe. Karatasi ya mwenzake ifunikwe. Akokotoe, aandike namba na kipimo chake, ndipo karatasi zifunuliwe pamoja. Kikokotoo kifungwe kwa kamba mahali pa kuhakikia, kisiwe cha kutafutwa. Eneo hilo liheshimiwe: mtu akiwa anahakiki kemo, simu na maswali yasubiri dakika tatu. Najua wodi zilivyo, na najua dakika tatu hizo zinavyopiganiwa. Ni za kupiganiwa. Mkuu wa wodi akizilinda kwa wiki mbili tu, wengine watazizoea.

Kisha wote wawili watazame skrini ya pampu, si lebo, na wa pili asome kwa sauti kilichomo kwenye skrini, namba pamoja na kipimo chake: "moja nukta mbili, mililita kwa saa." Kusoma lebo kwa sauti hakuhakiki pampu. Kunahakiki lebo.

Na mgonjwa. Katika visa vya pampu za nyumbani, yeye ndiye anayekaa na dawa muda mrefu kuliko sisi wote, na mara nyingi tunamfundisha jinsi ya kuoga nayo na kuilaza kitandani, tunasahau kumwambia jambo ambalo lingemwokoa. Kuuliza si ujinga, lakini hakuna anayeweza kuuliza kama hajui kinachotarajiwa. Aambiwe siku na saa ambayo mfuko utakwisha. Aambiwe kwamba atakapolala usiku wa kwanza, sehemu kubwa ya mfuko lazima iwe bado imejaa, na kwamba akiona umepungua upesi abane kibano cha mrija na kupiga simu hapo hapo, usiku wa manane ikibidi, bila kuogopa kuonekana msumbufu. Mtu wake wa nyumbani afundishwe pia, awe mume, dada au mtoto mkubwa, maana mgonjwa aliyechoka kwa kichefuchefu hana macho ya kuangalia pampu.

Ningependa hatua ya mwisho kabla mgonjwa hajainuka kwenye kiti iwe hivi. Muuguzi wa kwanza anashika kadi ya mgonjwa na kalamu. Wa pili anatazama mfuko, anatazama skrini, na bila kutazama lebo anagawanya. Mgonjwa naye anasikiliza.

"Mama, mfuko wako utaisha lini?"

"Mmeniambia Ijumaa."

"Nami nimepata Ijumaa, saa tisa alasiri."

Inaandikwa kwenye kadi, kwa herufi kubwa, na namba ya simu chini yake.